Upepo wa Singida haufai puto

Ikifika Disemba, Singida hujaa wageni wa nyumbani. Wajukuu waliokulia Dar es Salaam na Mwanza huletwa kwa bibi, hula kuku, hupanda mawe ya kandokando ya Ziwa Singidani, na baada ya siku mbili tatu huanza kuuliza kuna nini kingine. Siku hizi, kwa kuwa wamekwisha kuona picha za Serengeti kwenye simu, swali mojawapo ni hili: mbona hapa hakuna puto la kupanda? Anga ni jeupe, nafasi ipo, na upepo ndio usiseme.

Kikwazo ni huo upepo wenyewe.

Wataalamu wa nishati walipopima upepo eneo la Kititimo, mita 30 kutoka ardhini, walipata wastani wa mita 9.9 kwa sekunde. Makambako, mshindani wetu wa siku zote kwenye mambo haya, ilipata 8.9. Kwa mtu anayetaka kusimika mitambo ya umeme wa upepo, hiyo ni neema tupu. Kwa rubani wa puto ni habari ya kumrudisha kitandani, maana puto la abiria kwa kawaida halirushwi upepo wa chini ukizidi mita 5 hivi kwa sekunde.

Puto halina usukani wala breki. Rubani ana kichomeo kinachounguza gesi ya propani na kupasha hewa iliyo ndani ya kitambaa, na ana kamba ya kufungulia tundu la kileleni ili hewa hiyo itoke. Kwa vitu hivyo viwili anapanda na kushuka, basi. Kwenda kushoto au kulia ni kazi ya upepo. Rubani mzoefu hupanda au kushuka akitafuta tabaka la upepo linaloelekea anakotaka, kwa sababu upepo wa mita 50 na ule wa mita 300 mara nyingi haufuati njia moja. Ukiwa juu huhisi hata kidogo kwamba unavuma, kwa kuwa mnakwenda nao kwa kasi ileile. Utauhisi mkigusa ardhi. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nishati ya kikapu kinapogonga chini huwa mara nne, na kitambaa kilichojaa hewa hugeuka tanga linalokiburuta. Sasa fikiria kuburutwa hivyo kwenye mawe yetu.

Halafu kuna nyaya. Singida ni njia panda ya umeme wa taifa: laini ya kilovolti 400 inatoka Iringa kupitia Dodoma, inapita kwetu hadi Shinyanga, na nyingine inatoka Singida kupitia Babati na Arusha kuelekea Kenya. Ajali mbili kati ya zile mbaya zaidi za maputo zilitokana na nyaya: Carterton, New Zealand, mwaka 2012, walikufa watu 11; karibu na Lockhart, Texas, mwaka 2016, walikufa 16.

Kuna mwerevu atakayesema: mbona alfajiri Singida hutulia? Kweli, na ndiyo sababu maputo duniani kote huruka jua likichomoza. Usiku ardhi hupoa, hewa iliyo karibu nayo hupoa pia, ikawa nzito na kulala chini. Lakini utulivu huo ni wa chini tu. Mita 100 juu ya paa la bibi, upepo unaweza kuwa unakimbia, tena bila kikwazo, na huko ndiko mapanga ya mitambo ya umeme hufika. Puto likipanda linaingia humo. Jua likishapasha ardhi, kwenye saa tatu hivi, hewa huanza kuchanganyika na ule upepo wa juu hushuka hadi uwanjani, wakati uleule rubani anapotafuta pa kutua. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, hali huwa ngumu zaidi. Disemba upepo hupungua, lakini ndipo mawingu ya radi yanapokuja, na wingu la radi hutanguliza dhoruba likiwa bado kilomita nyingi mbali.

Mwinuko nao hutoza ushuru wake. Hewa ya moto huelea juu ya hewa baridi kama mafuta ya alizeti juu ya maji, ila uwezo wake wa kubeba unategemea uzito wa hewa inayolizunguka puto. Mjini Singida, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Chukua puto la mita za ujazo 10,000, hewa ya ndani nyuzi joto 100, ya nje 15. Pwani litainua karibu kilo 2,790, uzito wa kitambaa, kikapu na mitungi ukiwemo. Singida litainua kama 2,340. Hao ni watu sita wanaobaki chini.

Hili halimaanishi familia ikate tamaa. Afrika Mashariki ina historia ndefu ya maputo. Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith alivuka kutoka Zanzibar hadi bara kwa puto la haidrojeni lililoitwa Jambo, na mmoja wa wenzake, mpiga filamu Alan Root, alianzisha safari za kulipia Maasai Mara mwaka 1976. Serengeti zilianza 1989. (Abiria wa kwanza kabisa, Versailles, Septemba 1783, walikuwa kondoo, bata na jogoo. Sisi watu wa kuku tulipaswa kuwa tunalijua hili siku zote.)

Kutoka Singida, Serengeti inafikika kupitia Shinyanga na Lamadi, au kupitia Babati na Karatu. Tarangire, ambako maputo huruka pia, iko njiani ukielekea Arusha. Bei inauma: Serengeti ni zaidi ya dola 500 za Marekani kwa kichwa. Kampuni nyingi hazichukui wajawazito wala watoto wa chini ya miaka 7. Bibi mwenye magoti mabovu afikiriwe kwa makini, kwa sababu safari ya saa moja hivi ni ya kusimama, na mara nyingi kikapu huwa kimelazwa ubavu wakati wa kupanda, abiria wakiingia chali, miguu juu. Wakati wa kutua mtaambiwa mgeuzie mgongo kule mnakoelekea, mkunje magoti na kushika kamba za ndani. Kikapu kuanguka ubavu ni jambo la kawaida.

Pangeni puto asubuhi ya kwanza ndani ya hifadhi, si ya mwisho, ili rubani akikataa kuruka mbakiwe na asubuhi nyingine. Msimbembeleze. Na kabla ya kulipa ulizeni: safari ikifutwa, fedha inarudishwa, au mnapewa tarehe nyingine? Tarehe nyingine haiwafai watoto ambao shule zao zinafunguliwa Jumatatu.