Chuo Kianzishe Timu ya Hoki ya Barafuni?

Mimi ni mzazi ninayelipa ada ya chuo kikuu hapa Marekani. Kila nikisikia chuo kinataka kuanzisha timu ya hoki ya barafuni, huuliza kwanza: nani atalipa?

Mzigo mkubwa ni uwanja. Una urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26. Chini ya barafu kuna zege lenye mabomba yanayopitisha maji ya chumvi yenye baridi kali, na mitambo yake hula umeme usiku na mchana. Wachezaji wakienda mapumziko, gari maalumu hukwangua barafu na kumwaga maji ya moto, yajaze mikwaruzo kisha yagande.

Chuo Kikuu cha Penn State kilipata wafadhili mwaka 2010: Terry Pegula na mkewe Kim walitoa dola milioni 88. Timu za wanaume na wanawake zikaanza pamoja msimu wa 2012, uwanja ukafunguliwa 2013. Chuo Kikuu cha Robert Morris, kwa upande wake, kilifuta timu zake zote mbili za hoki mwaka 2021, wachezaji wakabaki njia panda. Ilibidi watu wachangishane ndipo zikarejea 2023.

Kwa hiyo nasema chuo kianzishe, mradi fedha za kujenga uwanja na za kuuendesha kwa miaka ziwe mkononi, wasichana waanze sambamba na wavulana, na watoto wa mji nao waruhusiwe kuteleza. Pasipo hayo, ada za wanafunzi zisiguswe.