Daktari Anapodhulumiwa Nyumbani

Daktari anayedhulumiwa na mwenzi wake amefundishwa kuzitambua dalili za dhuluma: michubuko ya nyakati tofauti, maelezo yanayobadilika, mume anayejibu maswali aliyoulizwa mkewe. Ujuzi huo haumkingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili, na madaktari wamo katika jamii hiyohiyo.

Kinachomfunga daktari mdomo ni kazi yenyewe. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2021, uliowahoji madaktari wanawake 21 waliokwisha kutoka katika ndoa au uhusiano wenye dhuluma, ulikuta aibu, upweke na hofu ya siri kuvuja. Anayetegemewa na wagonjwa huona vigumu kukiri kwamba naye anahitaji msaada.

Mjini Eldoret, Kenya, hofu hiyo ya siri kuvuja ina msingi. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza 1917, ndiyo hospitali ya rufaa ya ukanda mzima na ndiko wanakofunzwa madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi. Ndiko pia alikofia mwanariadha Rebecca Cheptegei, 5 Septemba 2024, siku nne baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa na mpenzi wake wa zamani. Daktari wa hapo akiumizwa, atakayemchunguza na kumjazia fomu ya polisi ya P3 huenda ni mwenzake wa zamu, au mwanafunzi wake wa juzi. Mwenzi akiwa naye daktari, mambo huwa mazito zaidi. Ni haki ya aliyeumizwa kutibiwa kwingine, na hospitali inayojali wafanyakazi wake ingempangia njia hiyo mapema, bila kumdai maelezo.

Mshahara nao hauleti uhuru ikiwa kadi ya benki iko mikononi mwa mwenzi na mikopo ya sacco imechukuliwa kwa jina la daktari. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inautambua unyanyasaji wa kiuchumi, wa kihisia, vitisho na kufuatwafuatwa, hata pasipo jeraha. Humlinda mwanamke na mwanamume, aliyeoa au kuolewa na aliyeachana. Hatari ikiwa karibu, mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi ya muda kabla ya kumsikiliza mlalamikiwa. Nambari 1195 ya msaada kwa waliodhulumiwa hupigwa bila malipo, na anayepiga hahitaji kutaja kazi yake.