Kabla ya Kufungua Kopo la Rangi

Mpango wa kukarabati sakafu ya gereji husomeka vizuri ukiwa mezani. Kuosha, kukausha, mkono wa kwanza wa rangi, mkono wa pili, makabidhiano. Makisio ya kazi hizi niliyoyasoma Dar es Salaam yanafanana kwa kasoro moja: rangi imepewa fedha na maelezo mengi, kuanzia idadi ya makopo hadi aina ya rola, ilhali usafi umepewa mstari mmoja tu. "Kuosha sakafu." Basi.

Sakafu yenyewe imekunywa oili miaka na miaka. Zege lina vitundu visivyoonekana kwa macho, na oili chafu inayomwagika wakati wa sevisi huzama humo. Mafundi humwaga vumbi la mbao wakafagia, na kweli kilichoko juu huondoka. Kilichozama hubaki.

Wengi hukimbilia asidi. Ukimimina asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa juu ya zege safi, hutoa povu papo hapo kwa sababu inaila chokaa iliyomo kwenye sementi. Juu ya doa la oili povu halitoki. Asidi inateleza tu na kuishia pembeni, na doa lipo palepale. Hata kostiki soda, inayogeuza mafuta ya mawese kuwa sabuni, haiwezi kuifanya hivyo oili ya injini inayotokana na mafuta ghafi. Kinachosaidia ni sabuni kali ya kuondoa grisi, maji ya moto, brashi ngumu na kurudia. Doa sugu hupakwa uji mzito wa unga mkavu na dawa ya kuyeyushia grisi, ukafunikwa na kuachwa ufyonze taratibu. Hiyo si kazi ya asubuhi moja.

Halafu kuna niru. Sakafu zetu nyingi hazikuachwa zege tupu: fundi alinyunyiza sementi juu ya plasta mbichi, akaisugua kwa mwiko wa chuma mpaka ikang'aa. Ni ufundi ninaouheshimu, na sakafu ya niru iliyotunzwa inapendeza. Ila kwa rangi ya epoksi, ile ngozi nyembamba na laini ni tatizo kubwa. Epoksi huishika niru barabara, lakini niru haikushika kilicho chini yake kwa nguvu hiyo. Gari linaingia matairi yakiwa moto, linalala hapo, na asubuhi linapotoka tairi linaondoka na kipande cha rangi. Kiokote ukigeuze. Ukikuta kijivu cha sementi kimeganda upande wa chini, ujue rangi haikuachia. Iliyoachia ni niru. Ukikuta upande huo unateleza na kunuka oili, ujue usafi haukufanyika.

Lawama humwangukia fundi, na naona si haki. Fundi huyo analipwa kwa mita ya mraba iliyopakwa rangi. Anajua fika kwamba niru ilipaswa kukwanguliwa kwa grenda, lakini hakuna aliyemwekea fedha ya mashine yenye kunyonya vumbi wala barakoa ya maana, na vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu. Kazi ikichelewa kuanza, tarehe ya makabidhiano haisogei. Siku za kusafisha ndizo zinazoliwa. Na taarifa ya utekelezaji haina safu ya mita zilizosafishwa, kwa hiyo hakuna anayeulizwa.

Vipimo vyenyewe ni rahisi mno. Dondosha maji: yakinywewa, zege liko wazi, yakijikusanya kama matone juu ya jani la mgomba, bado kuna oili au niru. Bandika kipande cha nailoni ukizibe kingo zote, ukiache usiku kucha. Kikitoa jasho upande wa chini, unyevu unapanda kutoka ardhini, jambo la kawaida pale sakafu ilipomwagwa juu ya kifusi bila kutandikwa nailoni. Epoksi ya kawaida haitakaa hapo, hata iwe ya bei gani. Ningependa mikataba iandike hivyo: awamu ya kwanza ya malipo itoke vipimo hivi vikipita, na kopo lisifunguliwe kabla.

Mwenye gereji mmoja aliyebandukiwa na rangi yote amekubali kuanza upya kwa utaratibu huo. Safari hii fundi analipwa kwa kila mita anayoisafisha. Upande wa getini nailoni ilikaa kavu, kwa hiyo epoksi itapigwa huko jioni, maana mchana wa joto mchanganyiko hugandia ndooni kabla haujafika sakafuni. Upande wa ukuta wa nyuma nailoni ililowa, naye ameamua ubaki zege tupu, lililokwanguliwa na kupakwa dawa ya silikati ya kuliimarisha. Maji ya kuoshea anayakusanya kwenye pipa, kwa kuwa mtaro wa mbele unaishia Mto Msimbazi na Msimbazi unaishia baharini. Pipa hilo, na gharama ya kuliondoa likijaa, havikuwamo kwenye makisio ya kwanza.