Pete Ilipombana Mwalimu: Somo la Maji Katika Safari ya Baiskeli

Saa 10:30 alfajiri kambi yetu ilikuwa imekwisha kuamka. Mahema yalikuwa yamekunjwa, uji ulikuwa ukichemka, na kila mmoja alikuwa ameinama akibonyeza matairi yake kwa kidole gumba. Tulikuwa watu 14, tukisafiri kwa baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, takriban kilomita 450, kwa siku tano. Vituo vyetu vya kulala vilikuwa Chalinze, Morogoro, Dumila na Gairo. Mimi nilialikwa kama daktari wa msafara, nikaona ni heri nami niendeshe.

Siku za safari ya namna hiyo hufanana. Tulikwenda kwa mstari mmoja, kushoto kabisa mwa lami, kwa kuwa malori ya barabara ile hayana subira. Aliyetangulia alikata upepo kwa robo saa, kisha akarudi nyuma kupumzika. Palipokuwa na shimo alishusha mkono kulionesha, na ishara ikapokewa na kila mmoja hadi wa mwisho. Saa 3 asubuhi tulikunywa supu na kula chapati. Jua la saa sita tulilikwepa chini ya mwembe. Jioni ilikuwa ya kuziba pancha, kupaka mnyororo mafuta, na kufua kaptula bila kukosa, maana msuguano na jasho kwenye kiti huzaa vidonda na majipu.

Nami niliongeza sheria yangu. Kila nusu saa nilipuliza filimbi, na kila mtu alikunywa maji, awe na kiu asiwe na kiu. Niliamini kwamba ninawalinda.

Siku ya nne, katika mwinuko wa kuelekea Gairo, mwenzetu mmoja alianza kubaki nyuma. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, na mtiifu kuliko sote. Alilalamika kuumwa kichwa na kichefuchefu. “Ongeza maji, Mwalimu,” nikamwambia. Akanywa. Hatukumaliza kilomita tano akatapika.

Nilipokuwa nikimfungulia chupa nyingine, alininyoshea mkono. “Daktari, maji nimeyanywa mengi kuliko wote. Tazama, pete inanibana.”

Vidole vyake vilikuwa vimevimba. Katika gari la huduma tulikuwa na mizani ambayo sote tulipimwa kila asubuhi. Alikuwa ameongezeka zaidi ya kilo moja tangu alfajiri. Mtu aliyeendesha baiskeli juani kwa saa nyingi hutarajiwa kupungua uzito, au walau kubaki alivyokuwa. Hakuwa ameishiwa maji. Maji yalikuwa yamemzidi, na ushauri wangu ulikuwa umechangia.

Hali hiyo ni haiponatremia, yaani kushuka kwa kiwango cha sodiamu katika damu. Wakati wa mazoezi marefu, mwili huweza kutoa homoni inayoizuia figo kutoa maji. Mtu akinywa kupita anachopoteza, damu huzimuliwa, maji huingia katika seli, na ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Walio hatarini zaidi ni wenye mwili mdogo, wanaokwenda polepole kwa saa nyingi, na wanaomeza dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki. Miongoni mwa wakimbiaji 488 waliopimwa damu katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na hali hii.

Mwalimu alikuwa na fahamu timamu na aliweza kumeza. Tulimzuia maji, tukampa kikombe cha supu iliyokolezwa chumvi, tukampeleka hospitali. Sodiamu yake ilikuwa millimoli 128 kwa lita. Kiwango cha kawaida ni 135 hadi 145. Usiku alikojoa sana, na asubuhi kichwa kilikuwa kimetulia.

Kwa watumishi wa afya wenzangu: mwanamichezo anapoletwa akiwa na kichwa kinachouma na kutapika, ulizeni amekunywa kiasi gani kabla ya kutundika dripu, na pimeni sodiamu mapema. Akichanganyikiwa au kupata degedege, anahitaji mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 3 kwa mshipa bila kucheleweshwa. Pimeni pia joto la mwili, kwani kiharusi cha joto nacho huchanganya akili.

Kwa msomaji unayejiandaa kwa safari: beba maji ya kutosha, unywe unapopata kiu, na ukome kiu inapokwisha. Huo ndio ushauri wa wataalamu waliokutana Carlsbad, Marekani, mwaka 2015. Ushauri huu ni wa mtu mzima mwenye afya aliye mazoezini; mtoto anayeharisha, mzee, au mgonjwa wa figo au moyo afuate maelekezo aliyopewa kliniki.

Siku ya tano Mwalimu aliingia Dodoma akiwa ndani ya gari la huduma, akitupungia mkono dirishani. Filimbi yangu niliiacha Gairo, kwa mtoto wa mama muuza supu.