Filamu za kuanzia darasani

Mwalimu akikabidhiwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na somo la historia ya filamu, mara nyingi hukimbilia orodha za wakosoaji na kuanza na Citizen Kane ya 1941. Asianze nayo. Upya wake hauonekani kwa mtoto ambaye hajaona filamu zilizoitangulia, na baada ya nusu saa darasa litakuwa linasinzia.

Kipindi ni dakika 40, na bahati nzuri filamu za mwanzo zilikuwa fupi. Ile ya ndugu Lumière, ya wafanyakazi wakitoka kiwandani, iliyoonyeshwa Paris Desemba 28, 1895, haifiki hata dakika moja. Irudiwe mara tatu. Mara ya kwanza watacheka. Ya tatu watamwona mbwa, watawaona wenye baiskeli, na mmoja atauliza mbona watu hawa hawaishangai kamera. Hapo ndipo pa kuwaambia kwamba Lumière waliipiga zaidi ya mara moja.

Kisha Sherlock Jr. ya Buster Keaton (1924), ya dakika 45 hivi. Keaton ni mwendesha mashine ya sinema anayesinzia kazini na kuota ameingia ndani ya skrini. Akitaka kukaa kwenye benchi la bustani, mandhari inabadilika, anaanguka barabarani katikati ya magari. Akipiga mbizi baharini, anachomeka kichwa kwenye theluji. Watoto wanaokata na kuunga video kwenye simu watataka kujua aliwezaje bila kompyuta. Tusihofu kwamba haina sauti. Kenya ina DJ Afro, anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chenye vituko, na Japani ya zamani ilikuwa na wasimulizi wake, benshi. Mwanafunzi mwenye mdomo apewe kazi hiyo.

The Birth of a Nation ya 1915 mimi nisingewaonyesha wanaoanza: ni saa tatu za kuwapamba Ku Klux Klan. Isimuliwe tu, kisha waone sehemu ya Within Our Gates (1920) ya Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi aliyeonyesha unyama wa kuua watu weusi bila hukumu.

Ningekuwa na nafasi ya filamu moja tu, ningechukua Borom Sarret ya Ousmane Sembène, ya 1963, dakika 20 hivi. Mwenye mkokoteni wa farasi jijini Dakar anamkubalia abiria kumpeleka mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Askari anamsimamisha. Nishani yake ya vita inaanguka, na askari anaikanyaga. Mkokoteni unachukuliwa. Mtoto wa Kariakoo au Gikomba hahitaji kufafanuliwa lolote hapo. Wiki inayofuata wapewe Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica (1948), ambamo fundi wa kiwandani, si mwigizaji, anacheza baba aliyeibiwa baiskeli ya kazi. Itakula vipindi viwili na zaidi, lakini wabishane wenyewe nani kati ya hao wawili kaonewa zaidi.