Lozi, Korosho au Kweme? Hesabu ya Mwoka Keki wa Same

Katika harusi za Upare keki hushindana na ndafu, na mara nyingi ndafu hushinda. Mbuzi hupatikana papo hapo. Mteja akitaka keki iliyovikwa mazipani, yaani lozi zilizosagwa na kukandwa na sukari, mwokaji hukuna kichwa. Takriban asilimia 80 ya lozi za dunia hutoka California, na mpaka zifike madukani huku zimeshabeba nauli ya meli, ushuru na faida ya kila aliyezishika njiani.

Wajerumani walikwepa gharama hiyo kwa pasipani, inayotengenezwa kwa kiini cha kokwa za aprikoti na fyulisi. Kwao ni rahisi kwa sababu viwanda vya matunda hubaki na kokwa tele. Mtu wa Same anaweza kuyatazama mafyulisi ya Lushoto yanayouzwa Mombo akaona mtaji. Asijaribu. Kiini hicho kina amigdalini, ambayo tumboni huzaa sianidi. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba zaidi ya viini vitatu vidogo vibichi vya aprikoti vinaweza kumvusha mtu mzima kiwango salama. Kwa mtoto mdogo, kimoja tu kinatosha. Kiwandani sumu hiyo huondolewa kwa utaalamu. Jikoni hakuna kipimo cha kukuhakikishia kuwa imekwisha.

Mlimani kuna kweme. Mkweme hutambaa juu ya miti mirefu, na tunda lake linaweza kufika kilo 15, limejaa mbegu bapa zenye upana wa karibu sentimita 4. Kiini ni cheupe, kitamu, na zaidi ya nusu yake ni mafuta. Ndiyo maana mama aliyejifungua hupikiwa. Kwa ladha, naiweka karibu na lozi kuliko karanga. Tatizo ni ganda: gumu, limevikwa nyuzi, na ni chungu, kwa hiyo kipande kikiponyoka kikaingia kwenye mashine kitaharibu mchanganyiko. Usilinganishe bei ya gulioni na ya korosho iliyokwisha menywa. Pima kilo moja na maganda yake, imenye, pima tena. Ukibaki na nusu kilo, bei halisi ni mara mbili ya uliyotoa, na ujira wa mmenyaji bado haujaingia.

Korosho haina usumbufu huo, maana aliyeibangua amekwisha kukufanyia kazi. Wala si jambo geni: Wagoa hufanya mazipani yao kwa korosho, na Wahindi wana kaju katli. Nunua zilizovunjika, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi. Ni nafuu kuliko nzima, na kwa kuwa zinakwenda kusagwa, sura si kitu. Korosho ina mafuta kidogo kuliko lozi na ina wanga, hivyo bonge lake hushikana vizuri na kusukumika bila kuvuja mafuta. Kweme ukiisaga sana hutoa mafuta. Tia sukari ya unga mapema, usage kwa vipindi.

Karanga ndiyo rahisi kuliko zote, na Wameksiko wana mazipani yao ya karanga. Lakini ladha yake haifichiki, na yenye ukungu au iliyosinyaa itupwe kwa hofu ya sumukuvu.

Kwa keki ya kuuza ningechukua korosho zilizovunjika, uzito sawa na sukari ya unga, na matone machache ya arki ya lozi, kwani harufu tunayoiita ya mazipani hasa ni ya lozi chungu. Kweme ningeiweka katikati ya tabaka za keki, pale ambapo rangi na mafuta havionekani, na kwa aliye na shangazi mlimani wa kumletea iliyokwisha menywa. Mteja aambiwe ni korosho au kweme kabla hajalipa: wapo ambao korosho huwavimbisha midomo.