Kwa Nini Korosho Haziuzwi Tena Mlangoni

Kila msimu wa korosho unapokaribia swali hurudi: kwa nini mkulima asimuuzie amtakaye, pale pale nyumbani?

Hali hiyo ilikwisha kuwapo. Soko lilipofunguliwa katika msimu wa 1991/92, wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua korosho kwa wakulima. Fedha taslimu zilifika vijijini, na mashamba yaliyotelekezwa yakapaliliwa upya. Hilo lilikuwa jema, na lisemwe. Lakini miaka hiyo hiyo ruzuku ya pembejeo iliondolewa, na mkulima akabaki peke yake mbele ya mnunuzi mwenye mizani yake na habari za bei za India, ambako korosho zetu nyingi zilibanguliwa wakati huo. Mwenye mgonjwa au ada ya shule aliuza hata kabla ya mavuno, kwa bei ya shida. Ndiyo kangomba tuijuayo hadi leo.

Kufuatia Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, Mkoa wa Mtwara ulianza mfumo wa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/08. Korosho hupimwa katika chama cha msingi, hupelekwa ghala kuu, huuzwa kwa mnada, na malipo hupitia benki. Malipo hayo yamepata kuchelewa, na malalamiko yenu juu ya hilo ni ya haki.

Kabla ya kuondoka chamani, soma stakabadhi yako: kilo, daraja, jina na namba ya akaunti. Uliza pia makato yote. Usiporidhika, mwone Afisa Ushirika wa Wilaya ukiwa na stakabadhi hiyo mkononi.